Habari Alizompelekea Melchior

Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, watu walimjua Mathilde kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa cherehani yake ya mguu, iliyokaa kibarazani mwa nyumba ya matofali mabichi nyuma ya soko, ambako alishonea wanawake nguo za kwaya. La pili lilikuwa safari zake. Wakimwona ameifunika cherehani siku ya kazi, amevaa viatu vya kufunga na kitenge alichokitunzia Jumapili, walijua kuna mtoto mahali fulani mikononi mwa serikali, na humo kambini yumo ndugu yake ambaye bado hajaambiwa.

Hakuna aliyemwajiri kazi hiyo. Alijiingiza mwenyewe, na sababu yake aliisimulia mara chache sana.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Kadutu. Mwaka 2004 waasi walipouingia mji, alitoka na binti yake Bénie mgongoni. Mumewe Lucien alibaki nyuma siku moja tu, ili afunge nyumba na kuwafuata, na hakuonekana tena. Mathilde alivuka ziwa, akaipita Tanzania yote kwa malori, akaingia Malawi kwenye mpaka wa Songwe, akafika Dzaleka amekonda hadi pete ikawa inamdondoka kidoleni. Miaka miwili baadaye mdogo wake Charlène naye akaanza safari ileile, akimtafuta dada, na mtoto wa miezi minane kifuani. Mtoto aliitwa Aristote. Charlène alifika Lilongwe akiwa mgonjwa, akafia hospitalini kabla ya kuonana na mtu anayemjua. Mtoto akapelekwa kwenye nyumba ya serikali ya kulelea watoto.

Mathilde hakujua lolote. Tangazo la kutafuta ndugu lilibandikwa ubaoni mwa ofisi moja mjini, kwa Kiingereza na Kichewa, likatoka pia gazetini. Gazeti lenyewe kambini lilifika likiwa limefungia maandazi. Alikuja kusikia mwaka 2008, kwa mwanamke wa Bukavu aliyekuwa na Charlène ndani ya lori moja. Akakimbilia mjini. Ofisa aliyemkuta, mzee mmoja mpole, alilifungua faili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kumsomea: ndugu hawakupatikana. Mtoto alikuwa amekwisha kuasiliwa, hakimu amekwisha kutia sahihi, familia iliyomchukua imekwisha kupanda ndege. Mathilde aliomba angalau picha. Akaambiwa sheria hairuhusu.

Kutoka Dzaleka hadi ofisi ile ni kilomita arobaini na kitu. Mtu akiondoka asubuhi hula chakula cha mchana huko.

Alirudi akalala siku tatu uso ukutani. Siku ya nne alirudi mjini kwa yule mzee na kumwambia kwa Kichewa chake cha kuokoteza: siku utakayopata mtoto anayesema Kiswahili, au Kirundi, au Kinyarwanda, niite mimi kwanza. Mzee alicheka kidogo, kwa huruma. Lakini alimwandika jina kwenye kikaratasi, na mwaka 2010, ilipokuja sheria mpya ya watoto na ofisa mpya aliyeitwa Madamu Chimwaza, karatasi ile ndogo ilikutwa imebanwa ndani ya droo. Mathilde akaitwa. Akapelekwa semina ya siku tatu Mponela, katika ukumbi wa kanisa, akakariri njia ambazo ndugu anaweza kupitia ili amchukue mtoto wa damu yake, na usiku wa kurudi akazitafsiri moja moja kwa maneno ya watu wa kambini, kwa sababu maneno ya semina hakuna shangazi ambaye angeyaelewa.

Alikuwa amekwisha kuzifikishia habari familia kumi na moja alipoitwa, mwezi wa nne mwaka 2013, kwa ajili ya watoto wa Bukeyeneza.

*

Walikuwa wawili, msichana wa miaka kumi na mvulana wa miaka mitano. Mama yao, Bukeyeneza, alikuwa amefia hospitali kuu ya Lilongwe. Katika homa alisema lugha ambayo wauguzi hawakuijua, na mfagiaji mmoja aliyewahi kukaa Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania, akadhani ni Kiswahili. Watoto wenyewe walikuwa na wiki tatu hawajafungua mdomo.

"Wanakula, wanalala, wanaoga," Madamu Chimwaza alimweleza njiani. "Nikimwuliza yule mkubwa jina, anaangalia chini. Nimeanza kufikiri labda ni bubu."

Mathilde aliwakuta wameketi mkekani, nyuma ya jiko la nyumba ya kulelea watoto. Hakuwauliza kitu. Aliketi hatua tatu kutoka kwao, akatoa uzi na sindano mfukoni, akaanza kushona ukingo wa kitenge chake uliokuwa umeachia. Wakakaa hivyo. Baadaye mvulana alianza kulia, kilio cha chini cha mtoto aliyechoka, na dada yake akamvutia kifuani.

"Hora," akamnong'oneza. "Hora, hora."

Ni neno ambalo kila mama wa Kirundi humwambia mtoto anayelia. Mathilde alikuwa amelisikia kupitia kuta za majirani zake miaka tisa. Hakuinua uso kutoka kwenye sindano.

"Muache alie kidogo," akasema kwa Kiswahili. "Kulia si mubaya. We njo dada mukubwa wake?"

Msichana alimtazama, kisha akamtazama Madamu Chimwaza aliyesimama mlangoni, kisha akamtazama tena Mathilde.

"Mama alikataza," akasema.

"Alikataza nini, mwanangu?"

"Kusema Dzaleka."

Ikaja yote polepole. Msichana aliitwa Carelle, mdogo wake Irankunda. Mama yao alitoka kambini bila ruhusa ili apate kibarua cha kuchambua tumbaku katika maghala ya Kanengo, mjini Lilongwe, na kila asubuhi kabla ya kuondoka aliwakumbusha: mkiulizwa mnatoka wapi, nyamazeni, nikikamatwa nitarudishwa. Mama alikuwa amekufa, Carelle alijua hilo, alimwona kwa macho yake akifunikwa shuka. Lakini alikuwa bado anamlinda.

"Na kule Dzaleka kuko nani?"

"Marume," akasema Carelle. Ndivyo Warundi wanavyomwita kaka wa mama. "Marume Melchior. Anatengeneza baiskeli."

*

Melchior alikuwa amepindua baiskeli ya kabaza, ile ya kubebea abiria, magurudumu juu, ananyoosha spoki, Mathilde alipoingia uani kwake. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyekulia katika makambi ya Kigoma. Mkewe Nibigira alikuwa anapepeta mahindi. Mtoto wao wa pekee, Ndikuriyo, mwenye miaka saba, aliketi kwenye kigoda akiangalia wenzake wakicheza mpira. Yeye hakucheza. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa, na akikimbia kidogo tu midomo ilimgeuka rangi ya zambarau.

Mathilde alijua kwamba habari ya kifo haitolewi mtu akiwa amesimama. Aliomba waingie ndani. Akasema kwanza neno la kifo cha dada yake Melchior, lote, bila kulizungusha, kwa sababu alikwisha kujifunza kwamba kulizungusha ni kumwua mtu mara mbili.

Melchior hakulia. Alishika goti lake kwa mikono miwili, akawa analiminya.

"Tuligombana," akasema. "Nilimwambia asiende Kanengo. Akaondoka bila kuniaga. Mwaka mzima nimemnunia. Nilikuwa nasubiri yeye aje kwanza."

"Batoto bako bazima, Papa Ndikuriyo. Niliwaona jana na macho yangu. Yule mukubwa anafanana na wewe paji la uso."

Hapo ndipo alipolia.

Mathilde alimngoja. Kisha akamweleza njia, kama alivyowaeleza wengine, taratibu, akirudia. Alimwambia anaweza kuwapokea awalee nyumbani kwake wakiwa bado mikononi mwa serikali, na ofisa awe anakuja kutazama wanakula nini na wanalala wapi. Alimwambia kuna njia ya kwenda kwa hakimu awe mlezi wao kwa sheria. "Hapo unasimama fasi ya mama yao. Shule ni wewe, hospitali ni wewe, majina yao yanaingia ku karatasi ya familia yako." Alimwambia kuna pia kuwaasili kabisa, wawe wake kama Ndikuriyo, lakini hiyo ni ndefu na haifutiki. "Na kama hauwezi, unaweza kukataa. Haiko zambi. Lakini useme mbele ya hakimu, waandike kwamba ndugu yuko na jina yake ni hii, batoto basipotee. Ukinyamaza, siku moja batawapa muntu mwingine, na ku dosiye wataandika kwamba hamukupatikana."

"Kwa nini nikatae?" Melchior akauliza, kama aliyetukanwa. "Ni damu yangu. Nitakwenda kwa hakimu."

Nibigira alikuwa ameketi mlangoni, ungo mapajani. Alikuwa mwanamke mwembamba, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko umbo lake.

"Na safari yetu, Mama Bénie?"

Kila mtu mtaani alijua habari ya safari yao. Kwa sababu ya moyo wa Ndikuriyo, familia ile ilikuwa imekubaliwa kuhamia Kanada. Mahojiano yalikwisha. Walikuwa wanasubiri tarehe. Na Mathilde alijua, alikuwa ameambiwa waziwazi kule Mponela, kwamba jina jipya likiingia kwenye karatasi ya familia inayosubiri kuhama, faili hufunguliwa upya na kurudi mwanzo wa foleni.

Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini mbele ya macho yake alimwona Carelle mkekani, na nyuma ya Carelle mtoto wa miezi minane ambaye hakupata hata picha yake.

"Ile ni ofisi ingine," akasema. "Mi sijue mambo ya ile ofisi."

*

Wiki mbili baadaye Melchior alikwenda Lilongwe kuwaona watoto. Mathilde alimsindikiza. Irankunda hakumkumbuka mjomba wake, lakini alikubali kubebwa, akawa anachezea kola ya shati lake. Carelle alisimama kando, mikono nyuma, na kuuliza maswali kama mtu mzima. Nyumba ina vyumba vingapi? Ndikuriyo bado anaumwa? Kuna kitanda?

"Kitanda kimoja," Melchior akasema.

"Mi nalala chini. Irankunda anakojoa, lakini si kila siku. Mi nafua."

"Hakimu ametupa tarehe ya mwezi wa sita. Siku hiyo nakuja kuwachukua. Umesikia, Carelle? Nakuja mwenyewe."

Njiani kurudi, ndani ya basi dogo, Melchior alizungumza kuliko Mathilde alivyowahi kumsikia. Alisimulia jinsi dada yake alivyokuwa akiimba wakienda kuteka maji Kigoma, jinsi alivyoogopa bata. Mathilde alitikisa kichwa na kucheka pale palipotakiwa kicheko. Aliomba Mungu asiulizwe tena habari ya safari.

Mungu alimsikia. Hakuna aliyeuliza. Ila siku sita kabla ya tarehe ya mahakama, Mathilde akiwa kwenye foleni ya zahanati na Bénie aliyeumwa jino, alimwona Nibigira akija mbio, peku, Ndikuriyo amemlalia begani. Midomo ya mtoto haikuwa zambarau tena, ilikuwa kama majivu. Walimwekea hewa kwa mpira puani. Ilichukua saa nzima rangi kurudi. Mganga alitoka akiwa amevua miwani, akamwambia Nibigira, na Mathilde ndiye aliyemtafsiria kutoka Kichewa, neno kwa neno: hapa hatuna cha kumfanyia, upasuaji uko huko mnakokwenda, ombeni mwende mapema, mwaka mwingine kama huu sijui kama atauvuka.

Mathilde alilitafsiri, akasikia sauti yake mwenyewe ikilitafsiri.

Asubuhi yake alikwenda kwa Melchior. Hakuvaa kitenge cha Jumapili. Alimkuta anakunywa chai ya rangi, na Nibigira kando yake, macho yamevimba kwa kukesha.

"Papa Ndikuriyo, kuko neno moja sikukuambia."

"Sema."

"Ukiwa mulezi yao kwa hakimu, majina yao yanaingia ku karatasi yenu. Na ikiingia, safari inasimama. Wanafungua dosiye upya. Inaweza kuwa mwaka moja, inaweza kuwa mitatu. Hakuna muntu anajua."

Melchior aliweka kikombe chini, polepole, kama kimejaa.

"Mke wangu alikuuliza. Ukasema hujui."

"Nilijua."

"Ulijua."

"Nilijua, nikakudanganya. Nilitaka batoto batoke mule. Niko na yangu ya zamani ilinifanya vile, lakini ile si kosa yako. Unisamehe."

Nibigira ndiye aliyelipuka, mwanamke yule wa sauti ndogo. "Ungetuacha tutie sahihi! Ungenyamaza mpaka mwisho! Sasa umetuletea nini? Umetuletea kisu ukasema tukate wenyewe!"

Mathilde hakujitetea. Melchior aliangalia kigoda cha mwanawe kilichokuwa tupu uani.

"Sasa wewe unasema nifanye nini?" akauliza.

"Mi siko na haki ya kukuchagulia. Haki yangu ni kukuambia tu, na hata hiyo nilikuibia."

Melchior alikwenda kuuliza mwenyewe katika ofisi ya wanaohamishwa, asije akadanganywa mara ya pili. Akapewa jibu lilelile. Akauliza kama anaweza kutangulia, kisha awaite watoto wa dada yake wamfuate. Akaambiwa watu hujaribu, lakini mtoto wa dada si kama mtoto wa kuzaa, asijipe matumaini makubwa.

*

Siku ya mahakama ilikuwa ya baridi, ile baridi kavu ya mwezi wa sita. Chumba kilikuwa kidogo, hakimu akiwa mwanamke mwenye sweta juu ya shati jeupe. Mkalimani alikuwa Mathilde. Ilimbidi achukue maneno ya Melchior kinywani mwake na kuyatoa upande wa pili, kwa sauti, ili yaandikwe.

"Naitwa Melchior, ni kaka wa mama yao, wa tumbo moja," alisema. "Siwezi kuwachukua. Nina mtoto anakufa, na dawa yake iko mbali. Nakataa kuwachukua, sikatai kuwa ndugu yao. Naomba muandike hivyo. Naomba wasitenganishwe. Naomba wasibadilishwe majina, hayo ndiyo mama yao aliwaachia. Na nitakapofika huko nitaleta anwani, iwekwe ndani ya faili, wakikua waikute."

Hakimu aliandika yote, akamsomea, akamwuliza kama ni sawa. Melchior alitia sahihi kwa herufi za shuleni, kubwa kubwa.

Carelle alikuwa nje, kwenye benchi la ukumbini. Mlezi wa zamu alikuwa amemwambia leo ndiyo siku, kwa hiyo alikuwa amefunga nguo zao zote ndani ya mfuko wa plastiki na kumwogesha Irankunda mara mbili. Melchior alitoka, akapiga magoti mbele yake. Aliwakumbatia wote wawili, akaegemeza paji la uso wake kwenye paji la Carelle, akanyanyuka na kutembea kuelekea barabarani bila kugeuka.

Mathilde akaketi mahali pake.

"Carelle. Marume hataweza. Si kwa sababu habapendi."

Msichana aliangalia mfuko wa plastiki. Akaufungua, akaufunga tena.

"Ni kwa sababu nilisema Dzaleka?"

"Hapana, mwanangu. Hapana kabisa."

"Mama alikataza."

Mathilde alimwambia tena hapana, na tena. Hakumwambia kwa nini. Alijisemea kwamba ni mtoto, kwamba mzigo kama ule hauwezi. Huenda pia aliogopa kuulizwa swali moja zaidi.

Aliomba kuwachukua yeye mwenyewe, walelewe kwake. Madamu Chimwaza alikuja Dzaleka kukagua, akapima chumba kwa hatua zake, chumba kimoja cha Mathilde na Bénie na cherehani, akaandika kila alichoweza kuandika cha wema. Haikutosha. Mwezi wa tisa watoto walipewa wazee wawili wa Nathenje, kusini mwa Lilongwe, Bwana na Mai Kalilombe, wakulima wa mahindi na karanga ambao watoto wao walikwisha kukua na kuondoka. Walichukuliwa wote wawili, na majina yao. Katika hayo, maneno ya Melchior yalitimizwa.

Melchior na familia yake waliondoka Februari 2014. Basi la wanaohama liliegeshwa karibu na ofisi, watu wakalia kama kwenye msiba, kama ilivyo desturi ya siku hizo. Nibigira, ambaye hakumsalimu Mathilde tangu asubuhi ile ya chai, alimpita bila neno, kisha akarudi, akamsogeza Ndikuriyo mbele: muage Mama Bénie. Mtoto akamuaga.

*

Mathilde alikuwa akienda Nathenje mara moja kwa mwezi, Jumamosi. Alishuka kwenye basi sokoni, akachukua kabaza hadi kwa akina Kalilombe. Mai Kalilombe alimpikia nsima, ugali wa huko, na mboga ya majani ya maboga yenye karanga, akamsimulia shule ya watoto. Walikuwa watu wema. Irankunda aliwaita baba na mama mwaka wa kwanza haujaisha. Mwaka wa pili Kirundi kilimtoka, wa tatu Kiswahili, na Mathilde akawa anazungumza naye kwa Kichewa, akikosea, naye akimsahihisha kwa kicheko. Carelle hakusahau lugha hata moja. Aliwaita wazee wale kwa jina lao, kwa adabu, na kila Mathilde akiondoka alimsindikiza hadi barabarani.

Ikafika mwaka 2018. Carelle alikuwa na miaka kumi na tano. Siku hiyo walikuwa wanamenya karanga kibarazani, na Mathilde, ambaye Melchior alikuwa amempata kwa simu siku chache kabla, alimwonyesha picha kwenye simu. Kijana mwembamba, amevaa nguo za michezo za shule, amesimama kwenye uwanja wa mpira, meno nje.

"Ndikuriyo," Mathilde akasema. "Walimupasua mwaka ileile walifika. Anacheza mpira sasa."

Carelle aliishika simu kwa muda mrefu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia midomo.

"Ndiyo sababu hakutuchukua?"

Mathilde alijua kwamba sasa hakuna pa kukimbilia. Alimwambia. Karatasi ya familia, safari, moyo wa mtoto, vyote. Carelle alisikiliza huku vidole vikiendelea kumenya.

"Nani alimwambia kwamba safari itasimama?"

"Ni mi."

"Na kama usingemwambia?"

"Angewachukua. Mungekuya Dzaleka. Na Ndikuriyo... Sijue, Carelle."

Maganda yalikuwa yamejaa mapajani mwa msichana. Aliyakung'uta chini.

"Marume mlimwambia," akasema. "Mke wake mlimwambia. Hakimu mlimwambia. Hata ofisi ya ndege mliiuliza. Mimi, hakuna aliyeniambia. Miaka mitano nilijua ni mdomo wangu. Kila nikiona Irankunda ameisahau lugha ya mama nilisema, ni mdomo wangu uliofanya hivi."

Mathilde alinyoosha mkono amguse. Carelle aliondoa bega, bila ukali, kama mtu anayepisha. Akaingia ndani na ungo wake. Siku ile Mathilde alitembea hadi barabarani peke yake.

Jumatatu iliyofuata alikwenda kwa Madamu Chimwaza, hata kabla ya kuitwa, akamwambia kwamba kuanzia sasa, kabla ya kwenda kwa ndugu yeyote, atakaa kwanza na mtoto na kumweleza kila njia iliyopo na kila linaloweza kukwama, kwa maneno ya umri wake, na baada ya mahakama atakaa naye tena. Madamu alisema itachukua muda mrefu zaidi. Mathilde akasema ndiyo, itachukua.

Nathenje aliendelea kwenda. Miezi minne Carelle alimsalimu tu na kwenda shambani. Mwezi wa tano alikuwa amekaa kibarazani, anamsubiri.

"Nipe Marume," akasema. "Kwenye simu."

Melchior alipopokea na kusikia ni nani, kilichosikika ni pumzi tu, pumzi ya mtu mzima anayejizuia asilie. Carelle alimwacha amalize. Hakumlaumu na hakumsamehe. Aliuliza jambo moja, mama alizaliwa kilima gani, ndicho kijiji kwa Warundi, kwa sababu shuleni kuna fomu na mahali hapo ameacha wazi kila mwaka. Melchior akamtajia jina la kilima, la kijito kilichopita chini yake, na la bibi aliyempokea mama yao siku alipozaliwa. Carelle aliandika kwenye jalada la daftari, upande wa ndani, akamwomba arudie herufi. Kisha Melchior akauliza kama Irankunda yupo karibu. Alikuwepo, ameegemea nguzo, mvulana wa miaka kumi mwenye magoti ya vumbi. Carelle akamwekea simu sikioni. Mjomba akazungumza kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili, muda mrefu, na mvulana akasikiliza kwa heshima, akitikisa kichwa.

Simu ilipokatika alimgeukia dada yake na kumwuliza kwa Kichewa yule bwana amesema nini.

"Amekusalimu," Carelle akamjibu.

Mathilde aliangalia upande wa shamba, akajifunga kitenge upya, ingawa kilikuwa hakijafunguka.